Saa Zenu Zikirudi Nyuma

Al-Naseem, Riyadh
Oktoba

Mpendwa dada Rita,

Kabla sijakujulia hali, niruhusu nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Kila mwaka, Jumapili ile ya mwisho ya Oktoba mnaporudisha saa nyuma huko Uingereza, mimi hufurahi. Wewe huilaani siku hiyo, mama yako kule Jeddah huisikitikia, nami hukaa katikati yenu nikitikisa kichwa kama mwenye huzuni, kumbe moyoni nimefurahi. Halafu furaha hiyo hunitia hofu. Basi, nimeshasema. Sababu yake utaiona mbele.

Sasa, u hali gani dada yangu? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha juzi kimekuachia. Wazee unaowatunza wanaendeleaje? Yule bibi anayekuita kwa jina la binti yake bado yupo? Sisi hapa tu wazima. Joto limeanza kulegea, ingawa eisii bado inaunguruma mchana kutwa. Baba anaendelea na kazi yake ya lifti, na wiki iliyopita alikwama ndani ya moja ambayo alikuwa ametoka tu kuitengeneza, jambo ambalo mama hulitaja kila tukikaa kula. Noah ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa akisema jina lako anatoa upepo mtupu.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia kwa kalamu wakati simu zipo. Ni kwa sababu mambo haya siwezi kuyasema kwa mdomo. Unanijua. Tena ujumbe wa simu utausoma ukiwa umesimama kwenye korido, kati ya mzee mmoja na mwingine, nami nataka hii uisome ukiwa umeketi. Carol, yule nesi anayekaa jengo la jirani, anasafiri kwenda Birmingham kumwona dada yake, na amekubali kukutumia barua hii kwa posta akifika.

Nianze na shule, maana hofu ya mwaka huu ilianzia huko. Mwalimu Vincent, yule Mganda anayetufundisha Kiingereza, alitupa mada ya mdahalo: nchi zinazobadilisha saa mara mbili kwa mwaka, je, ziendelee kufanya hivyo au ziache? Wengi darasani hawakujua hata kwamba kuna nchi zinazobadilisha, maana hapa Saudia hakuna anayegusa saa. Msichana mmoja Mmisri alisema kwao waliacha, kisha wakarudia tena, na kwamba nyanya yake ana saa mbili ukutani, moja ya serikali na moja ya kuku wake. Tulicheka sana. Kisha mwalimu akagawa pande, nami nikawekwa upande wa kutetea kubadilisha saa.

Nilijiona msaliti. Wewe ndiye uliyenitumia kile kiungo cha watu wanaokusanya saini ili bunge la huko liukomeshe mchezo huo, ukaniambia nikutafutie na saini za Riyadh, hata kama za Riyadh hazihesabiki. Lakini kazi ya shule ni kazi ya shule. Nilisoma kila nilichokipata. Nilisoma kwamba saa zisiporudishwa, watoto wa huko watakwenda shule gizani katikati ya majira ya baridi. Nilisoma pia kwamba madaktari wengine wanasema mwili huchanganyikiwa kila saa zinapoguswa, na kwamba hata wale wanaotaka mabadiliko yakome hawapatani ni saa ipi ibaki mwaka mzima, ya kiangazi au ya baridi. Siku ya mdahalo nilisimama, nikasoma yote bila kuinua macho. Mwalimu Vincent alisema kwamba hoja zangu zilikuwa nzuri, na kola ya shati langu imefaidika, maana ndiyo pekee iliyozisikia.

Jioni hiyo nilimuuliza baba anaonaje. Alisema sisi wa huku hatugusi saa, tunahamisha siku yenyewe. Akanikumbusha jinsi inavyokuwa Ramadhani: shule inaanza jua limeshapanda, maduka yanajaa watu usiku, watu wazima wanalala mchana, na saa ya ukutani hakuna aliyeigusa. Baba aliyasema hayo akitafuta rimoti ya televisheni, wala hakujua amenipa nini. Maana nilifikiri: kama nchi nzima inaweza kuhamisha siku yake, madam mmoja wa Jeddah, anayemwajiri mama yako, atashindwaje kuhamisha saa ya kahawa?

Mambo unayajua mwenyewe, lakini acha niyaandike ili niyaone vizuri. Mapumziko yako ni saa nane mchana, wazee wakishalala. Kiangazi, hiyo kwetu ni saa kumi. Nyumba ya kina madam inakuwa bado imelala usingizi wa mchana, na mama yako anapanda kwenye kile chumba chake cha juu, mnaongea mpaka mapumziko yako yaishe. Saa zenu zikirudi nyuma, saa nane yako inakuwa kwetu saa kumi na moja. Na huko Jeddah wakati wa baridi jua linazama mapema, kwa hiyo saa hiyo nyumba nzima imeshaamka, wageni wako njiani, na gahwa, kahawa yao ile, inatakiwa sebuleni. Saa yenu ya simu imesogea mbele, ya kahawa yao imerudi nyuma, na katikati mama yako amepotea. Hivyo ndivyo alivyotueleza sote, majira mawili ya baridi mfululizo. Kuhusu siku zako za ofu alikuwa na sababu nyingine kila mara: harusi ya mpwa wa madam, wageni wa kutoka Madina, mtoto ana homa. Sikuwahi kuziweka sababu hizo pamoja na kuzitazama.

Na saa yenu hiyo inapobaki tupu, wewe hunipigia mimi. Ndiyo furaha yangu hiyo, dada. Mimi sina rafiki wa kunipigia simu. Novemba ikiingia, ninatoka shule, ninafunga mlango wa chumba, na simu inalia, na ni yangu. Lakini unachoniambia katika simu hizo si cha kumfurahisha mtu. Unaniambia jioni haijafika na nje kumeshakuwa giza. Unaniambia ukitoka kazini unakaa kitandani na koti lako, huvui. Kisha unazima kamera, na mimi nakusikia ukilia. Ukimaliza unaniambia nisimwambie mama yako. Sijamwambia. Baridi iliyopita ilikuwa hivyo hadi Februari, na siku moja ulisema huoni sababu ya kuamka kesho yake. Ulipoona nimenyamaza ukasema ulikuwa unatania. Mimi sikuuona utani huo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiogopa. Haya yatakuwa majira yako ya tatu ya baridi. Naogopa kwamba hutayaweza ukiwa na mimi tu. Mimi najua kusikiliza, lakini sijui kumjibu mtu anayesema hivyo.

Kwa hiyo nikakata shauri kumwomba madam wa mama yako. Likizo fupi ya muhula ilipofika, kampuni ilimtuma baba Jeddah kuangalia lifti za jengo fulani, akatuchukua sote. Ni safari ndefu. Huko milimani Taif nyani walimnyang'anya Noah mkate kupitia dirishani, akalia mpaka Jeddah. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi moja ya Kiarabu, kimoyomoyo, nikiigeuza huku na huku.

Nyumbani kwa madam, mtaa wa Al-Nuzha, tulipokelewa vizuri. Baba alibaki kwenye chumba cha getini na Dalmas, dereva wa nyumba, wakanywa chai na kubishana habari za mpira. Mama, Noah na mimi tuliingizwa upande wa wanawake. Mama yako alitoka jikoni akifuta mikono, akatukumbatia wote kwa pamoja. Amekonda kidogo lakini uso wake ni ule ule, na mdomo pia ni ule ule. Mama alipomkumbusha kwamba saa zenu ziko karibu kurudishwa nyuma, alisema basi hata saa ya Uingereza hupewa ofu, tena kila mwaka, na yeye bado anasubiri yake. Mama alicheka hadi akashika ukuta. Nami nilicheka, ila nilimtazama, na nikaona kwamba aliposema hivyo hakuwa akimtazama mtu.

Mama zetu walipokwenda jikoni na Noah, nilibaki sebuleni na madam. Ni mama wa makamo, mnene, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Aliniuliza habari za masomo. Nilijibu, kisha nikaitoa ile sentensi yangu: kwamba naomba, kama hataona vibaya, wakati wa baridi amruhusu Magdaline aongee na binti yake saa kumi na moja, na kahawa imiminwe na mtu mwingine.

Madam hakukasirika. Alishangaa. Alinieleza polepole, akichanganya Kiarabu na Kiingereza ili nielewe, kwamba simu ya Magdaline ni yake mwenyewe na inashinda mfukoni mwake. Alisema baridi ile ya kwanza yeye ndiye aliyemwambia apande juu akaongee na binti yake, na kahawa ataimimina mwanawe wa kike, naye ajifunze. Magdaline alikataa. Alisema binti yuko kazini saa hizo, asisumbuliwe. Mwaka uliofuata akamwambia tena, akakataa tena.

"Mafi mushkila," madam akasema, yaani kwake hakuna tatizo lolote. "Mimi pia ni mama. Yeye ndiye hataki."

Nilikwenda jikoni. Mama alikuwa amempeleka Noah kunawa. Mama yako alikuwa anaponda iliki ya gahwa, amenipa mgongo.

"Umeongea na madam," akasema.

Nikamwambia ndiyo, Anti.

"Wewe, ambaye hata salamu unazitoa kwa kunong'ona."

Akaendelea kuponda. Nilichukua sahani ya tende nikaanza kuzipanga, ili nami niwe na la kufanya. Kisha akaniuliza kama unalia. Sikumjibu, kwa sababu niliahidi. Akasema nisimjibu, anajua. Alisema mwaka ule wa kwanza, katika simu yenu ya mwisho kabla saa hazijarudishwa, ulizima kamera ukasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri, akasema, hata pua yako alikuwa anaisikia.

"Nikimsikia analia, nitamwambia rudi," akasema. "Na Rita namjua. Nikimwambia rudi, atarudi."

Kisha akanisimulia jambo ambalo mimi sikulijua na sidhani kama wewe unalijua. Kumbe Jeddah si mwanzo wake. Kabla hata mimi sijazaliwa alikuja kufanya kazi hapa hapa Riyadh, mtaa huu wetu wa Al-Naseem. Miezi ya kwanza ilimshinda. Alikuwa akimpigia Nyanya na kulia, na siku moja Nyanya akamwambia, rudi mwanangu, chakula kipo. Akarudi kabla ya mkataba kwisha. Alipokewa kwa kuku na nyimbo. Baada ya hapo alikaa nyumbani miaka mingi akiwatazama wale aliosafiri nao wakisomesha watoto wao, na wewe ukiwa hapo mbele yake, unamaliza shule ya msingi, kitabu mkononi. Ndipo akaanza upya, akiwa mtu mzima, akaja Jeddah. Hamlaumu Nyanya. Alisema Nyanya alisema kile ambacho mama yeyote angesema, na ndiyo sababu yeye hataki kuwepo wakati wa kukisema.

"Hizi saa za Wazungu zilinipa njia," akasema. "Sikuhitaji kudanganya sana. Usimwambie Rita."

Hapo ndipo nilipo, dada. Wewe uliniambia nisimwambie mama yako, na mama yako akaniambia nisimwambie Rita, na jambo lenyewe ni lile lile moja. Pale jikoni nilipanga tende hadi sahani ikajaa, nikazipangua, nikazipanga tena.

Kwa hiyo ninavunja ahadi zote mbili hapa. Mama yako anajua. Amejua tangu mwanzo. Si saa zinazomzuia, na hata bunge la huko likipitisha kesho kwamba saa zisiguswe tena milele, atatafuta sababu nyingine, kwa vile anakuogopa wewe ukilia na anajiogopa yeye akikusikia. Nimetetea na kupinga mambo haya ya saa hadi nimeyachoka. Saini zako zikusanye, mimi nitafurahi zikifaulu. Lakini hazitakupatia mama.

Kuna jambo moja ambalo nyinyi wawili hamlijui, na mimi nalijua kwa sababu tu nimekuwa nikishika simu. Katika baridi zote mbili hujaniambia hata mara moja kwamba unataka kurudi nyumbani. Ulisema kuna giza. Ulisema umechoka. Ulisema lile neno la kuamka. Ulisema pia habari za yule mzee aliyekufundisha kucheza karata, na kwamba mwakani utaomba kusomea unesi kamili. Kurudi hukulitaja. Mama yako anaogopa kukupa jibu la swali ambalo hujamuuliza.

Hapo niliiacha barua jana. Leo ni Ijumaa. Baada ya chakula cha mchana, nyumba ya kina madam ilipokuwa imelala, nilimpigia mama yako, nikamwambia nimekuandikia. Nikamuuliza kama naweza kumsomea. Akasema soma. Nilimsomea yote, tangu salamu hadi mstari uliopita, na sikuruka chochote, hata pale niliposema amekonda. Alinikatiza mahali pamoja tu, pale ulipoongea habari ya kuamka. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Hajawahi kusema anataka kurudi?" akauliza.

"Hata mara moja, Anti."

"Basi analia tu."

"Analia tu."

Halafu akasema, halas, basi, mpe huyo Carol. Hakuniahidi lolote, nami siwezi kukuahidi kwa niaba yake. Lakini nilimwambia, na wewe pia nakuambia: kuanzia Jumapili hiyo ya kurudisha saa, saa nane ya mapumziko yako, simu ya kwanza usinipigie mimi. Mpigie yeye. Asipopokea, ndipo unipigie, na mimi nitapokea saa yoyote, hata nikiwa darasani. Na neno lile likikujia tena, usingoje mapumziko. Mwambie mtu aliye karibu nawe huko kabla hata hujashika simu.

Bahasha nimeiandika anwani. Carol anaondoka jioni hii na nitaiteremsha kwake nikimaliza mistari hii miwili.

Baba anakusalimu, anasema ukikwama kwenye lifti usiruke. Mama anakusalimu sana na amekufungia majani ya chai, Carol atayaweka pamoja na barua. Noah anakusalimu kwa upepo. Mama yako naye alitaka nikuandikie salamu zake hapa. Nilikataa. Nimemwambia akupe mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Stacy